Bia nyeusi ya Westvleteren: nani anakula faida ya mpaka?

Katika kona ya magharibi ya Ubelgiji, karibu kabisa na mpaka wa Ufaransa, kuna bia mbili nyeusi zilizotoka nyumba moja. Ya kwanza ni Westvleteren 12, inayopikwa na watawa wa Abasia ya Mtakatifu Sixtus. Ya pili ni St. Bernardus Abt 12, inayopikwa katika kijiji cha Watou, mwendo usiofika nusu saa kwa gari. Moja ina kilevi cha asilimia 10.2, nyingine asilimia 10. Zote mbili huchachuka mara ya pili zikiwa tayari ndani ya chupa. Wanywaji wawili waliofungwa vitambaa machoni wanaweza kubishana hadi usiku wa manane ni ipi ya watawa na ipi ya Watou.

Kwenye bei hakuna ubishi. Mwaka 2018 chupa moja ya Westvleteren 12 ilinunuliwa langoni mwa abasia kwa chini ya euro 2. Mwaka huohuo, ng'ambo ya mpaka nchini Uholanzi, chupa ileile iliwekwa kwenye rafu za maduka makubwa kwa karibu euro 10. Abt 12 ya Watou haijawahi kurukaruka namna hiyo. Mtu huikuta dukani kwa bei ya kawaida ya bia za aina yake.

Tofauti hiyo ya euro 8 haikuingia na kimea, hopsi wala sukari. Imeingia barabarani, kati ya lango la abasia na rafu ya duka. Kwa anayeishi kwa kuvusha mizigo Namanga, Busia, Rusumo au Gatumba, chupa hii inastahili kuangaliwa kwa makini hata kama hajawahi kuonja pombe maishani mwake. Ndani yake kuna swali analolijua vizuri: faida ya mpaka ni ya nani, na inapatikana kwa haki kwa njia gani?

Ladha yenyewe

Chupa ni ya sentilita 33, ya kioo cha kahawia. Kwa miongo mingi haikuwa na lebo; maelezo yote yalichapwa kwenye kizibo, na kizibo cha 12 ni cha njano. Kabla ya kufunguliwa inatakiwa isimame wima siku kadhaa ili mashapo ya hamira yatulie chini. Baridi kali ya friji huiharibia. Laga hunywewa ikiwa na jasho la baridi, ila bia hii hutoa harufu yake ikiwa kwenye nyuzi 12 hadi 16 za Selsiasi. Anayemimina huinamisha glasi yenye mdomo mpana, humimina polepole bila kukatisha, kisha huacha kidole kimoja cha bia chupani pamoja na mashapo yake. Wapo wanaoyanywa mashapo hayo. Hayana madhara, ila huifanya bia iwe na ukungu na kuongeza uchungu kidogo.

Kwenye glasi rangi ni ya kahawia iliyokolea karibu na weusi, na ikiinuliwa kwenye mwanga huonyesha wekundu. Povu ni zito, rangi ya chai ya maziwa. Harufu ya kwanza ni ya zabibu kavu na tende, ikifuatwa na sukari iliyoungua na mkate uliookwa ukakolea. Aliyewahi kusimama karibu na sufuria ya halua inayokaribia kuiva, au kumega kipande cha sukari guru, hatahangaika kutafuta maneno. Mdomoni utamu hutangulia, kisha hufika joto la kilevi kooni, halafu uchungu wa hopsi hufunga mlango. Kati ya hizo mbili, Abt 12 huonekana kutanguliza matunda na utamu kidogo zaidi, na 12 ya watawa huonekana nzito zaidi ulimini. Ni tofauti ya ndugu wawili wa tumbo moja.

Hakuna tende wala zabibu zilizotiwa humo. Ladha hizo ni kazi ya hamira pamoja na sukari iliyochomwa hadi ikawa nyeusi. Ndiyo hiyo sukari inayoipa bia sehemu kubwa ya rangi yake.

Tahadhari moja haipaswi kurukwa, hasa kwa madereva wa malori. Chupa hiyo ndogo ya sentilita 33 ina kilevi kuzidi chupa moja na nusu ya nusu lita ya Tusker yenye asilimia 4.2. Watu wa kule huinywa taratibu, chupa moja kwa jioni nzima, na funguo za gari hukabidhiwa mwingine.

Uhai ndani ya chupa

Bia hii hupikwa na kuchachuliwa kama nyingine, kisha huachwa ikomae kwenye matangi. Siku ya kujaza chupa, mpishi huongeza hamira na sukari kwa kipimo maalumu, hufunga kizibo, na kuziweka chupa kwenye chumba chenye joto. Humo ndani hamira hula ile sukari na kutoa gesi ambayo haina pa kutokea. Hapo ndipo povu linapopatikana. Wakati huohuo hamira hutumia hewa kidogo iliyobaki chini ya kizibo, hewa ambayo ingeichakaza bia mapema. Kwa sababu hiyo chupa inaweza kukaa stoo miaka kadhaa, uchungu ukipungua na ladha ya tende ikizidi.

Siri iko kwenye kipimo. Sukari ikipungua bia hukosa uhai. Ikizidi, chupa hupasuka.

Wapishi wa Afrika Mashariki wanaijua bia yenye uhai. Mbege ya Kilimanjaro, inayotengenezwa kwa ndizi zilizochemshwa, kimea cha ulezi na gome la msesewa, huendelea kuchachuka ikiwa tayari kwenye kibuyu. Urwagwa ya Rwanda na Burundi, ambayo ni maji ya ndizi mbivu yaliyochachuliwa kwa unga wa mtama uliokaangwa, hufanya vivyo hivyo. Kila aliyewahi kuibeba kwenye dumu anajua kinachotokea njiani: dumu hufura na kifuniko huruka. Bia ni nzuri nyumbani, ila kabla haijafika mpakani imegeuka kuwa siki. Watawa wa Ubelgiji hawakuwa na uhai mwingine wa kuanzia. Waliupima, wakaufungia kwenye kioo kizito, na bia ikapata miguu.

Ubelgiji ilipoleta bia ya viwandani katika Maziwa Makuu haikuleta aina hii. Kiwanda cha bia cha Léopoldville, Kinshasa ya leo, kilianzishwa mwaka 1923, na kizazi chake ni Primus, laga inayojulikana leo Bukavu, Bujumbura na Kigali. Biashara kubwa ilitaka bia nyepesi, iliyochujwa, inayopikwa kwa wingi. Ustadi wa chupa yenye hamira ulibaki kwenye vijiji vya Ubelgiji, mikononi mwa wapishi wadogo.

Jina lilivyotengana na chungu

Abasia ya Mtakatifu Sixtus yenyewe ni tunda la kuvuka mpaka. Mwaka 1831 watawa walitoka Mont des Cats, upande wa Ufaransa, wakaungana na mkaapweke aliyekuwa akiishi kwenye msitu wa Westvleteren. Kabla ya muongo ule kwisha walikuwa wameanza kupika bia. Mwaka 1850 watawa wengine walitoka Westvleteren kwenda kuanzisha abasia ya Scourmont, ambako leo inapikwa bia ya Chimay. Hao ni Watrapisti, wanaofuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto kama watawa wa Ndanda na Peramiho, ila kwa ukimya na ukali zaidi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili watawa waliamua kupunguza upishi ili biashara isiwameze. Mwaka 1946 walimpa kibali mwenye kiwanda cha jibini cha Watou apike na kuuza bia kwa jina lao, wao wakabaki na chungu kidogo cha matumizi yao na ya watu wa jirani. Kibali hicho kilidumu hadi mwaka 1992, kisha abasia ikalichukua jina lake.

Watou ilibaki na mitambo, ujuzi wa karibu nusu karne, na hamira ya asili. Ilichopoteza ni haki ya kuandika neno "Trappist" kwenye chupa. Watawa nao, baada ya kujenga kiwanda kipya ndani ya kuta zao, walianza kuchukua hamira kutoka kwa wenzao wa abasia ya Westmalle. Kwa hiyo mwenye jina hana hamira ya zamani, na mwenye hamira ya zamani hana jina. Soko likaamua. Watou hufanya biashara nzuri na kusafirisha nchi nyingi, lakini anayelipa mara tano ya bei hulipa kwa ajili ya Westvleteren.

Jina hilo lina walinzi. Mwaka 1997 abasia nane ziliunda chama cha kimataifa cha Watrapisti na kuweka alama yenye pembe sita. Masharti yake ni matatu. Bia ipikwe ndani ya kuta za abasia, na watawa wenyewe au chini ya usimamizi wao. Upishi uwe jambo la pili baada ya maisha ya kitawa. Mapato yatunze watawa na majengo yao, na kinachobaki kiende kwenye misaada.

Masharti hayo hayana undugu. Mwaka 2011 Mont des Cats, abasia mama iliyowatuma watawa wa kwanza Westvleteren, ilianza kuuza bia kwa jina lake. Kwa kuwa haina kiwanda, bia hiyo hupikwa Scourmont, upande wa Ubelgiji. Watawa ni wa kweli, bia ni nzuri, chungu ni cha ndugu zao, lakini alama ya pembe sita haikutolewa kwa sababu bia haikupikwa ndani ya kuta za Mont des Cats. Mfanyabiashara aliyewahi kuulizwa mpakani cheti cha uasili anaielewa hukumu hiyo mara moja. Kama sheria ingelegezwa kwa ajili ya ndugu, ingelegezwa pia kwa ajili ya jirani, na baadaye kwa ajili ya yeyote mwenye fedha. Magunia ya sukari na mchele wa nje ya Jumuiya yanayobandikwa majina ya hapa yanapita kwenye tundu la namna hiyohiyo.

Biashara na ulanguzi

Watawa wa Westvleteren hupika takriban hektolita 6,000 kwa mwaka, yaani lita 600,000, na hawataki kuongeza. Kwao bia ipo ili utawa uendelee. Utawa hauishi kwa ajili ya bia. Tatizo lilikuja mwaka 2005, wanywaji wa mtandao mmoja wa kimataifa wa kupigia bia kura walipoitangaza 12 kuwa bora duniani. Foleni ya magari ikajaa barabara ya kijiji na stoo ikakauka.

Abasia ilijibu kwa utaratibu mkali. Mnunuzi alipaswa kupiga simu, kutaja namba ya gari lake, kupewa siku na saa, na kuchukua kreti chache tu, kisha kusubiri siku 60 kabla ya kuagiza tena. Alilipa amana ya kreti ya mbao na chupa zake. Sharti kubwa lilikuwa moja: bia hii usiiuze tena. Mwaka 2019 simu ilibadilishwa kuwa usajili wa mtandaoni, kwa sehemu kubwa ili kuwabana waliokuwa wakinunua kwa ajili ya kuuza.

Kilichowasukuma ni pamoja na tukio la mwaka 2018, pale mnyororo wa maduka makubwa ya Uholanzi ulipouza zaidi ya chupa 7,000 kwa bei ile ya karibu euro 10. Chupa zilikuwa zimepita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kufika kwenye rafu. Watawa walilalamika hadharani.

Hapa msomaji mwenye duka au banda mpakani anaweza kuuliza kosa liko wapi. Aliyenunua kreti ametumia mafuta, amepoteza siku, amebeba hatari ya chupa kuvunjika. Kwa nini asipate chake? Faida ya mwenye kubeba ni halali, na jamii isiyomheshimu mchuuzi hulala njaa. Mwanamke anayetoa nyanya upande mmoja na kuzifikisha upande wa pili, ambako hazipatikani, ameongeza kitu: umbali umefutika kwa jasho lake.

Aliyepanga foleni Westvleteren kwa ajili ya kuuza hakufanya hivyo. Kwanza, alitoa neno lake langoni kisha akalivunja. Pili, uhaba aliojipatia faida kwao ameuongeza yeye mwenyewe, kwa kuchukua kreti ambazo zingemfikia mnywaji kwa euro 2. Tatu, hakuna senti ya ziada iliyomrudia mpishi. Kiswahili kina neno la kazi hiyo, ulanguzi, na ni vizuri neno hilo lisichanganywe na biashara. Mchuuzi huishi kwa kupunguza uhaba, mlanguzi huishi kwa kuulea.

Wala watawa hawakatai mpaka. Abasia ilipohitaji fedha za ukarabati wa majengo yake, iliandaa kifurushi maalumu cha chupa sita na glasi mbili. Wabelgiji walikipata mwaka 2011, na Desemba 2012 kikauzwa Marekani kwa takriban dola 85. Bei ilikuwa kubwa kuliko ya langoni, watu walipanga foleni, na hakuna aliyelalamika kuibiwa. Safari hiyo ilikuwa na idhini ya mpishi, na sehemu ya faida ilirudi kujenga paa lake. Mpishi mdogo anapokuwa na sauti kwenye safari ya bidhaa yake, bei kubwa haimuumizi yeyote kwa siri.

Haki inayohesabika kwa lita

Jina lililolindwa ni nusu ya hadithi. Nusu nyingine ni barabara iliyo wazi, na hapa Ulaya ina jambo la kuonyesha.

Tangu soko la pamoja lianze Januari 1, 1993, raia wa Umoja wa Ulaya aliyenunua bia kwa matumizi yake katika nchi mwanachama hulipa ushuru wa bidhaa palepale aliponunua, kisha huondoka nayo. Ili ofisa wa forodha na msafiri wasigombane, sheria imetaja kiwango cha mwongozo, lita 110 za bia. Kwa kreti ya chupa 24 za sentilita 33, hizo ni kreti 13 na ushee. Akizidisha anaweza kutakiwa kuthibitisha kwamba hauzi. Anayeuza naye ana mlango wake: hulipa ushuru wa nchi ambako bia itanyweka. Kila mmoja anajua amesimama upande gani wa mstari.

Thamani ya haki hiyo huonekana inapopotea. Uingereza ilipotoka kwenye soko hilo, kuanzia mwaka 2021 msafiri anayeingia huko na bia ya Ubelgiji anaruhusiwa lita 42 bila ushuru. Kreti 13 zimekuwa tano.

Mpishi mdogo naye amefikiriwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya inaruhusu nchi kumtoza ushuru pungufu, hadi nusu ya kiwango cha kawaida, mwenye kiwanda huru kinachopika hektolita zisizozidi 200,000 kwa mwaka. Nchi inayotoa punguzo hilo kwa wapishi wake lazima itoe pia kwa wapishi wadogo wa nchi nyingine mwanachama. Tangu mwaka 2022 kuna cheti cha aina moja kinachothibitisha udogo huo, na kinatambuliwa kote. Karatasi moja huvuka mipaka yote.

Stempu tatu, chupa moja

Jumuiya ya Afrika Mashariki haianzi kutoka sifuri. Umoja wa Forodha ulianza mwaka 2005 na Soko la Pamoja mwaka 2010. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000, ukiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, hupata cheti rahisi cha uasili hapohapo mpakani na kusamehewa ushuru wa forodha. Namanga, Busia, Rusumo na kwingineko kuna vituo vya huduma kwa pamoja. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 kuhusu viwango na ubora inataka alama ya ubora iliyotolewa na nchi moja itambuliwe na nyingine.

Chupa ya bia inapokaribia, mambo hubadilika. Ushuru wa bidhaa na kodi za ndani hazifutwi na cheti rahisi, na kila nchi imejenga ukuta wake wa stempu. Kenya ilianza mfumo wake wa kusimamia bidhaa za ushuru mwaka 2013. Tanzania ilianza stempu za kielektroniki Januari 2019, Uganda ikafuata na za kwake Novemba mwaka huo. Mfumo wa nchi moja hausomi stempu ya nchi nyingine. Chupa iliyolipiwa kila kitu Moshi inakuwa bidhaa isiyo na stempu mara inapogusa Taveta.

Kampuni kubwa huvumilia. Zina wanasheria, mawakala, na mara nyingi kiwanda upande wa pili. Anayebaki nje ni kikundi cha akina mama kilichojifunza kuweka bia ya ndizi kwenye chupa safi na kingeweza kuuza kreti kumi kwa wiki upande wa pili. Ama abaki kijijini kwake, ama ampe mzigo mtu wa njia za panya. Akichagua njia ya panya, yanayotokea ni ya Westvleteren, na mabaya zaidi: mlanguzi hupanga bei, mpishi hapati nyongeza, na mnywaji hana hakika kilichomo chupani kama hakikuongezwa maji au kitu cha hatari zaidi. Mtawa wa Ubelgiji angalau ana jina la kulilalamikia. Mama wa ndizi hana hata hilo.

Mambo matatu yanaweza kufanywa bila kungoja mkataba mpya mkubwa.

La kwanza ni alama ya pamoja ya uasili kwa vikundi vya wapishi wadogo, yenye masharti machache na makali kama yale ya pembe sita: imepikwa wapi, na nani, kwa mazao gani. Alama hiyo imilikiwe na wapishi, isiwe ya wizara.

La pili ni kiwango kinachoeleweka cha lita ambazo mtu anaruhusiwa kuvuka nazo kwa matumizi yake, kilichobandikwa ukutani kwa Kiswahili katika kila kituo cha mpakani. Palipo na namba ukutani, ofisa hana nafasi ya kubuni, na msafiri hana sababu ya kufungua pochi.

La tatu ni cheti kimoja cha mpishi mdogo kinachotambuliwa na nchi zote wanachama, pamoja na dirisha moja katika kituo cha mpakani ambapo mchuuzi hulipa ushuru wa nchi anakoingia na kupewa stempu yake hapohapo, hata kama mzigo ni kreti mbili.

Mamlaka za mapato zitasema stempu zilianzishwa kuzuia magendo, na kwamba ukilegeza mlango mdogo wakubwa watapita humo. Hofu hiyo ina msingi. Lakini magendo ya sasa yanapita huku stempu zikiwepo, na kreti mbili zilizolipiwa dirishani zina faida kwa hazina kuliko kreti mbili zilizopita porini usiku. Wizara za afya zitasema pombe ina madhara, na zitakuwa zimesema kweli. Bia iliyopimwa, yenye jina la mpishi na kiwango cha kilevi kilichoandikwa, ni rahisi kuidhibiti kuliko dumu lisilo na mwenyewe.

Lipo pia pingamizi kwamba watawa si mfano mzuri, kwa sababu hawana ada za shule za kulipa na hawatafuti faida. Ni kweli hawatafuti faida, na ndiyo maana waliweza kukataa kukua. Mpishi wa Rombo au Ngozi anataka kukua, na ana haki ya kutaka. Anachoweza kuazima kutoka Westvleteren ni ile nguvu ya kuamua: bia yake iende wapi, kwa nani, na kwa masharti gani. Watou inaonyesha kwamba hata asiye na jina kubwa anaweza kuishi vizuri akiwa na chupa nzuri, lebo ya kweli na barabara iliyo wazi.

Uamuzi uko kwa mawaziri wa Jumuiya wanaohusika na biashara na fedha. Wapishi wenyewe hawana la kusubiri kwenye upande wa ustadi, kwani hamira, kipimo cha sukari na kioo kizito havihitaji saini ya waziri. Wachuuzi nao wana sehemu yao: kudai risiti, kutaja jina la mpishi wanapouza, na kukataa mzigo ambao mwenyewe alisema usiuzwe. Haya yakifanyika, siku moja chupa ya bia ya ndizi iliyokomaa kwenye mashapo yake itapita Rusumo mchana kweupe, na aliyeibeba ataweza kumwambia mnunuzi bila kushusha sauti ni kiasi gani kati ya bei hiyo ni cha mpishi, kiasi gani ni cha serikali, na kiasi gani ni cha miguu yake.